Tundu la Inchi Nne

Ukisema draya hapa Kisumu, watu wanafikiria saluni. Wanafikiria ile kofia kubwa ya plastiki ambayo mtu anaketi chini yake akibonyeza simu huku rola zikikauka kichwani. Ukieleza kwamba unamaanisha mashine ya kukausha nguo, swali linalofuata ni lile lile: kwani jua limeisha? Nimeulizwa na majirani, na mwenye nyumba, na shangazi yangu aliyekuja kutoka Seme, hata na dereva wa tuktuk aliyenisaidia kuishusha mlangoni. Ni swali la haki. Mji huu una jua la kumchoma mtu mgongo saa nne asubuhi. Lakini jua letu lina tabia zake, na yeyote aliyewahi kufua shuka za mgonjwa hapa mwezi wa nne anajua ninachosema.

Asubuhi anga ni safi. Unaanika saa mbili, unajipongeza. Mchana upepo unatoka ziwani umebeba unyevu, unaelekea nchi kavu, unagonga ile miinuko ya Nandi, unapanda, unageuka mawingu. Ikifika saa tisa, saa kumi hivi, ukitazama mashariki unaona kumekuwa kweusi kama tako la sufuria. Watu wa Kericho na Nandi wanapigwa mvua ya mawe, na wamezoea, kwa maana sehemu zile ni kati ya zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani. Sisi huku chini tunapata radi na maji. Kati ya Machi na Mei kuna siku ambazo hata ile asubuhi safi hatupewi. Na siku hizi kuna jambo jingine: zile nyumba za ghorofa zinazoota kila upande wa Migosi zimetukalia jua. Kamba yetu ya nguo inapata mwangaza kamili kuanzia saa tano hadi saa nane. Masaa matatu. Hapo ndipo unatakiwa ukaushe kila kitu ulicho nacho, na uwe umekaa karibu, kwa sababu shuka nzuri ikiachwa peke yake kwenye kamba hupata miguu.

Haya yote hayakunihusu sana hadi mama yangu alipopata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito, na baada ya wiki tatu hospitalini tukaambiwa twende naye nyumbani. Nyumbani maana yake kwangu, kwa sababu kule Seme barabara ikinyesha haipitiki na dada yangu yuko Leeds. Nesi aliyeturuhusu alikuwa mtu mpole wa maneno machache. Aliniambia mambo mawili nisiyasahau: mgeuze kila baada ya saa mbili, na asilale kamwe kwenye kitu chenye unyevu. Akanionyesha mahali pa kuangalia, kwenye mfupa wa mkia, kwenye visigino, kwenye nyonga. Ngozi ikianza kuwa nyekundu na isirudi rangi yake ukiibonyeza, kidonda kimeshaanza safari chini yake. Vidonda vya kulala ni rahisi kuvileta na vigumu kuviondoa, na kwa mtu wa miaka 74 vinaweza kummaliza kabla ya ule ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo nilianza kuhesabu shuka. Siku njema shuka nne. Siku mbaya nane, pamoja na leso za kutandika chini yake, taulo, na magauni mawili matatu. Usiku tulimvalisha pampasi za watu wazima, lakini mchana hakutaka kabisa, na hata kwa ulimi ule mzito alilisema jambo hilo vizuri, kila mtu akalielewa.

Anayetufulia tunamwita nyar Ugenya, binti wa Ugenya, kwa sababu ndiko alikozaliwa na kwa sababu amenizidi umri, siwezi kumwita kwa jina lake kama mtoto. Kabla ya mama kuja alikuwa anakuja Jumatano na Jumamosi. Sasa akawa anakuja kila siku isipokuwa Jumapili. Anafua kwa mikono, karai tatu, moja ya sabuni na mbili za kusuuza, na namna anavyokamua shuka ni kitu cha kutazama: anaikunja katikati, anapitisha mwisho mmoja kwenye nguzo ya ngazi, anasokota hadi maji yanaacha kudondoka. Kufua halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba kufikia wiki ya tatu ya Aprili, nyumba nzima ilikuwa kamba. Shuka sebuleni, shuka kwenye milango, shuka mgongoni mwa viti. Feni ikizunguka mchana na usiku, ikisukuma unyevu kutoka shuka moja kwenda nyingine. Shuka ilichukua siku mbili, na ikishakauka inanuka kama mbwa aliyenyeshewa.

Kuna njia za zamani. Kule nyumbani tulianika juu ya ua la ojuok, ingawa mama alitukanya tusivunje matawi yake, kwa sababu yale maziwa yake yakiingia jichoni utalia siku nzima. Wakati wa mvua nguo za watoto wachanga zilikaushwa juu ya kikapu kilichofunikwa kwenye jiko la makaa. Watu wengi wamelelewa na joto la kikapu kile. Lakini jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na kumwasha mgonjwa asiyeweza kuinuka jiko usiku kucha ni kumchimbia kaburi kwa nia njema. Na pasi? Nyar Ugenya alikuwa anapiga pasi kila kitu, hata leso, jambo ambalo huku kwetu lina sababu yake: yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi ya anayezivaa. Moto wa pasi unayaua mayai. Lakini kukausha shuka iliyolowa kwa pasi ni kazi ya nusu saa, na shuka ni nane.

Shangazi alipokuja, yule tunayemwita waya, dada ya marehemu baba, alikuwa na tatizo tofauti. Alinikuta nikiondoa shuka chini ya mama saa kumi na mbili asubuhi. Hakusema kitu mbele yake. Alinivuta jikoni akaniuliza kama katika mji huu wote hakuna mwanamke. Mtoto wa kiume, na tena mwenye ndevu, hagusi matandiko ya mama yake. Nilimwambia kwamba nyar Ugenya anafika saa mbili, na mama analowa saa kumi na moja. Akakaa kimya. Kisha akasema, basi angalau asikuone. Tangu siku hiyo namfanyia mama kazi hiyo taa ikiwa imezimwa, na naamini sote wawili tunashukuru.

Dada yangu ndiye aliyetoa wazo la draya, kwenye simu, kwa namna watu wa Uingereza wanavyolitaja, kama mtu anayesema nunua kijiko. Nilicheka. Halafu nikaenda kuangalia.

Mjini kuna maduka kadhaa ya vitu tunavyoviita eksi-UK: friji, mikrowevu, mashine za kufulia, zilizosafiri kwa kontena hadi Mombasa kisha kwa lori hadi hapa. Sababu ya kutoka Uingereza badala ya Marekani si mapenzi. Umeme wetu ni volti 240 na wao ni 230, haitofautiani kwa chochote cha maana, mzunguko ni ule ule wa hezi 50, na plagi yenye meno matatu ya mraba wanayotumia tangu miaka ya 1940 ndiyo tuliyorithi. Kitu cha kutoka Leeds unakichomeka Migosi bila kubadilisha hata skrubu. Cha kutoka Chicago kitataka transfoma kubwa, na hata hapo utapata shida.

Lakini ukinunua draya ya Uingereza ya mtumba kuna habari ambayo lazima uijue, na muuzaji hatakupa. Novemba 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza kwamba draya zake nyingi zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Oktoba 2015, zikiuzwa kwa majina ya Hotpoint, Indesit, Creda na mengine, zina kasoro: yale manyoya yanayotoka kwenye nguo yanaweza kupita na kuangukia kwenye elementi ya moto. Agosti 2016 draya ya Indesit ilianzisha moto katika jengo la ghorofa huko Shepherd's Bush, London, watu wakakimbia na nguo walizovaa. Mwaka 2019 serikali ya Uingereza ikalazimisha mashine zilizobaki zirudishwe. Zilizorekebishwa ziliwekwa alama ndogo ya duara ya kijani, nyuma au kwenye ukingo wa mlango. Sasa jiulize: mtu wa kule akiambiwa draya yake ni hatari, na mnunuzi wa vitu vikuukuu anapita mtaani kwake, hiyo mashine inaenda wapi? Sina ushahidi wa kontena lolote. Ninachojua ni kwamba nilipoingia dukani nilianza kuangalia kwenye kingo za milango kama mtu anayetafuta chawa. Muuzaji akaniuliza, "Braza, unatafuta nini huko?" Nikamwambia natafuta kidoti cha kijani. Akafikiri ni mambo ya dini.

Niliyochukua haikuwa ya kampuni hiyo hata kidogo. Ni ya kubeba kilo saba, imetengenezwa Ulaya, ina mkwaruzo mrefu ubavuni na kibandiko cha bendera ya timu ya mpira ambacho sijakibandua. Shilingi 18,000, baada ya kuanzia 25,000. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji aiwashe ikiwa na taulo ndani, nikaweka mkono nyuma, nikasikiliza. Inapozunguka isigonge. Hewa itoke ya moto, itoke kwa nguvu. Chujio la manyoya liwepo na lisiwe limetoboka. Hayo tu. Kisha nikauliza lile bomba la kutolea hewa liko wapi. Muuzaji akasema halina haja. "Weka tu nyumba yako, joto ni la bure."

Hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu wengi wanaonunua mashine hizi huku kwetu wanaambiwa maneno hayo hayo. Draya za mtumba ni za aina mbili kubwa. Iko ile inayokusanya maji kwenye chombo, unamwaga kama beseni, nayo haihitaji bomba. Na iko ile ya kupumua, ambayo ndiyo rahisi, na ndiyo yangu. Inavuta hewa ya chumbani, inaipitisha kwenye elementi, hewa ya moto inaingia kwenye pipa linalozunguka, inabeba maji ya kwenye nguo, inatoka nyuma kwenye mdomo wa inchi nne. Mashine haiharibu maji. Inayahamisha tu. Ukiacha ule mdomo wazi chumbani, maji yaliyokuwa kwenye shuka yako yamehamia ukutani.

Ni maji kiasi gani? Jirani yetu wa chini anauza samaki na ana ile mizani ya kuning'iniza. Nilimwazima. Mzigo mmoja wa shuka zilizokamuliwa na nyar Ugenya ulikuwa kilo 9.2. Baada ya kukauka, kilo 5.4. Kilo 3.8 zimekwenda, yaani karibu lita nne. Mizigo miwili kwa siku, chukua jerikeni ya lita nane umwage hewani ndani ya nyumba ya vyumba viwili, ufunge madirisha kwa sababu nje kunanyesha, na mgonjwa wako alale hapo. Kwa wiki moja ungekuwa na kuvu kwenye dari. Na wala si maji peke yake. Chujio halishiki manyoya yote, mengine yanatoka na hewa, laini kama unga. Mama alikuwa anakohoa akimeza hata uji. Sikutaka apumue shuka zake mwenyewe.

Kwa hiyo tundu. Nilimwendea mwenye nyumba, mzee mmoja mstaarabu aliyestaafu reli, nikamwomba ruhusa ya kutoboa ukuta wa jikoni. Aliniambia hapana kabla sijamaliza. Alinionyesha ukuta wa nyumba ya pili ambako mpangaji mmoja alitoboa kwa tindo apitishe waya wa dishi la televisheni, akahama, na hadi leo maji yanaingia hapo. Sikuwa na jibu. Ukuta ni wake.

Lakini dirisha la jikoni letu ni lile la chuma la zamani, vioo vidogo vidogo vilivyoshikwa na paketi ya lami, kila kimoja kama daftari. Siku ya pili nilirudi nikamwuliza kama naweza kutoa kioo kimoja nikihifadhi, nikirudishe siku ya kuhama. Alinitazama kwa muda. Akauliza mama anaendeleaje. Kisha akasema kioo kikivunjika nitanunua kipya, na akaongeza kwamba mke wake, kabla ya kufa, alilala kitandani miezi kumi na mmoja. Hakuongeza neno.

Kibuye, upande wa mafundi wa mabati, nilimpata kijana akitengeneza masanduku ya wanafunzi. Nilimchorea kwenye karatasi: bati la ukubwa wa kioo, katikati tundu la inchi nne, na tunduni shingo fupi ya kuvalisha bomba. Nje, kifuniko cha bawaba kinachofunguka hewa ikisukuma na kujifunga ikiacha. Aliangalia mchoro, akauliza, "Ni ya bomba la moshi?" Nikasema ni ya mvuke. Akasema basi nitakuwekea na kofia mvua isiingie. Shilingi 600 na nusu saa. Sijawahi kuona pesa yangu ikifanya kazi haraka hivyo. Bomba lenyewe nilinunua la bati jembamba linalokunjika, si la plastiki, kwa sababu plastiki inalegea na ikishika moto inaungua pamoja na kilichomo. Nikalikata fupi, mita moja na kidogo, kona moja tu. Bomba refu lenye matumbo linageuka mto: mvuke unapoa humo, maji yanatuama kwenye bonde, manyoya yanagandamana hapo, na mashine inaanza kupumua kwa taabu.

Kuna swali la wadudu, na hili halimo katika kitabu chochote cha maelekezo cha Ulaya. Jioni nyingine vile vijidudu vya ziwa huinuka majini kwa mamilioni, ukiwa Dunga unaona kama moshi umesimama juu ya maji. Upepo ukivisukuma mjini, vinafuata taa, vinaingia penye upenyo wowote. Wazo la kwanza la mtu yeyote ni kuweka wavu kwenye tundu. Usiweke. Wavu mwembamba wa kuzuia vijidudu unazuia pia manyoya, na baada ya mizigo mitano unakuwa blanketi. Hewa haitoki, joto linarudi ndani. Kifuniko cha bawaba kinatosha, ukikumbuka kukikagua, kwa sababu nyigu wa udongo wakipata siku mbili za utulivu wanajenga. Nimeshabomoa nyumba yao mara tatu. Nadhani ni wale wale.

Na hewa inayotoka lazima iingie kutoka mahali. Nikiwasha draya naacha mlango wa jikoni wazi kidogo, na jiko la makaa haliwashwi humo kabisa, wala ndani wala mlangoni, kwa kuwa mashine inavuta chochote kilicho karibu.

Stima sasa. Mashine inakula karibu kilowati mbili na nusu, inachomekwa ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni ile ya kuchajia simu. Nilisoma mita kabla na baada: mzigo wa nguo zilizokamuliwa kwa mikono ulitumia yuniti 4.3, kwa saa moja na dakika hamsini. Ni zaidi ya shilingi mia moja kila ukibonyeza kitufe. Na tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamepangwa kwa madaraja, wa hadi yuniti 30 kwa mwezi, wa hadi 100, na wa kupita hapo, na kadiri wastani wako unavyopanda ndivyo kila yuniti inavyokugharimu zaidi. Draya ilituhamisha daraja bila kutuaga. Dada yangu hutuma pesa ya tokeni na huwa haulizi, lakini mimi nazihesabu. Shuka iliyoanikwa hata kwa saa mbili za jua hafifu inaingia ndani ikiwa nyepesi na inakauka kwa nusu ya muda. Kamba haikufukuzwa kazi.

Nyar Ugenya aliichukia mashine siku ya kwanza. Hakuwa na makelele. Aliiita nyieka, mke mwenza. "Leo nyieka ameamkaje?" Nilicheka hadi nilipoona kwamba yeye hacheki. Alikuwa amehesabu mbali kuliko mimi. Leo ni ya kukausha, kesho dada wa Uingereza atasema nunua ya kufua, na ana watoto wawili shule ya upili. Nilimwambia kwamba hakuna mpango huo. Alijibu, "Sawa, mwalimu," ile sawa ambayo haina kitu ndani.

Kilichobadilisha mambo, kama yalibadilika, ni usiku mmoja wa Mei. Alikuwa amechelewa kwa sababu ya mvua, tuko na mzigo ndani, zimebaki kama dakika ishirini. Radi ikapiga upande wa Mamboleo, stima ikaenda. Giza. Watu wengi wangeacha nguo humo wangoje umeme urudi. Si vizuri. Mashine huwa inamaliza kwa kuzungusha nguo bila moto, ili zipoe. Ukikatiza katikati, unabaki na kilo tano za pamba ya moto imejikunja pamoja, haina hewa, na kama kuna mafuta kwenye nguo, mafuta hayo huendelea kujipasha yenyewe. Ndiyo maana taulo za kumsugulia mama, zenye mafuta, hazijawahi kuingia humo. Nilimwambia nyar Ugenya tuzitoe sasa hivi na tuzitandaze. Hatukuwa na mahali. Kamba zimeondolewa, viti viwili tu. Tukatandaza juu ya makochi, juu ya meza, na moja, kwa sababu mikono ilikuwa imejaa, nyar Ugenya akaitandaza juu ya miguu ya mama.

Mama alikuwa macho. Aliuweka mkono wake wa kushoto, ule unaofanya kazi, juu ya shuka, akaupitisha pole pole, huku na huku. Kisha akauliza, kwa Kijaluo, kwa ule ulimi wake wa mawe, kama jua limetoka.

Nje mvua ilikuwa inapiga mabati huwezi kusikia mtu wa pili. Nyar Ugenya akamjibu kabla yangu. Alimwambia ndiyo, limetoka, lala.

Waya alirudi mwezi wa sita. Alimgeuza mama mwenyewe, akaangalia visigino, akaangalia mgongo, akabonyeza kwa kidole. Ngozi ilirudi rangi. Hakusema chochote kuhusu ndevu. Aliomba aonyeshwe draya inavyowashwa, akasimama mbele ya kile kioo cha mlango akitazama leso zikizunguka kwa muda ambao mtu hutazama televisheni.

Huko nje dirishani mambo yana maisha yake. Paka wa ghorofa ya chini analala chini ya tundu. Mama wa nyumba ya pili alikuja kulalamika kwamba ukuta wake unalowa, akawa na haki, nikageuza ile kofia ielekee uwanjani. Wiki iliyofuata nilimwona ametundika sweta ya shule ya mtoto mbele ya tundu. Mwanzoni haikukauka, kwa sababu hewa ya mwanzo ndiyo iliyobeba maji mengi. Amejifunza. Sasa anasikiliza mashine, na zikibaki kama dakika ishirini, hewa imekuwa kavu, ndipo anatoa soksi.

Nyar Ugenya naye alinijia na neno mwezi wa saba. Kuna mzee Nyalenda, yuko kama mama, na binti yake hana pa kuanika. Kuna mwingine Manyatta, wa ajali ya bodaboda. Yeye anaweza kuwafulia huko huko kwao, kisha alete kukausha kwetu, mchana, mashine yetu ikiwa imelala. Alikuwa amelipiga hesabu kabla ya kuja. Wao watamlipa yeye kwa shuka, yeye atanilipa mimi stima kulingana na mita, na manyoya kwenye chujio atatoa yeye kila mzigo, kwa sababu, alisema, mimi huwa naacha kwenye kona. Nilimwuliza kuhusu kuchanganya nguo. Aliniangalia kama mtoto. Kila mgonjwa na mzigo wake, alisema, na za mama yako ndizo za kwanza.

Sasa kuna daftari la shule limening'inia kwa uzi kando ya mita. Safu ya kwanza tarehe, ya pili namba kabla, ya tatu namba baada, ya nne jina la nyumba. Mwandiko ni wake. Wiki iliyopita tulibishana kuhusu nusu yuniti, akaenda akawasha tochi ya simu, akaifungua mita tukaisoma pamoja. Ilikuwa yake.